Saza Lililogeuzwa Hame: Bunya, Malale na Siasa za Ardhi "Tupu" katika Uganda ya Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya saza la Bunya, kusini mwa Busoga, ambalo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 lilihesabiwa kuwa eneo la mwambao lenye watu wachache. Hoja kuu ni kwamba uhaba huo wa watu haukuwa hali ya asili. Ulitokana na maradhi na vilevile na maamuzi ya utawala, kisha ukachukuliwa na watunga sera waliofuata kana kwamba ndiyo sura ya kale ya nchi hiyo. Mfano wa bonde la Mto Namatala, upande wa Mbale, unatumika kama kipimo cha kulinganishia. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha uzito wa historia hii katika migogoro ya sasa ya ardhi, misitu na ardhioevu.

Utangulizi

Msafiri anayetoka Jinja kuelekea mashariki kwa kufuata ufuo wa Ziwa Viktoria hupita katika nchi ya mashamba ya miwa, vichaka, misitu ya kupandwa na vijiji vya wavuvi. Akipanda kuelekea Mbale, hukuta hali nyingine. Mto Namatala unashuka kutoka Mlima Elgon, unapita mjini Mbale katika mtaa wenye jina hilohilo ambao nyumba zake zimebanana, kisha unaingia katika ardhioevu zilizojaa mpunga kabla maji yake hayajafika Ziwa Kyoga. Ni rahisi kueleza tofauti hiyo kwa udongo na mvua: udongo wa volkano wa Elgon hulisha watu wengi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Ufuo wa Busoga nao una mvua ya kutosha, samaki na udongo unaozaa ndizi, na zamani ulikuwa na watu. Swali linalopaswa kuulizwa ni hili: watu hao walikwenda wapi, na nani aliamua wasirudi?

Bunya kabla ya mwaka 1900

Kabla ya ukoloni Bunya ilikuwa mojawapo ya dola ndogondogo za Busoga, na ilikuwa mlango wa njia iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi kwenda Buganda kwa upande wa mashariki. Ndiyo sababu jina la mtawala wake, Luba, limo katika kumbukumbu mbili mashuhuri za karne ya 19. Mnamo Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa huko kwa amri iliyotoka kwa Kabaka Mwanga. Mwaka 1897 askari wa Kisudani walioasi dhidi ya Waingereza waliishika ngome iliyokuwa kwa Luba, wakamuua Meja Thruston na kuzingirwa humo kwa miezi kadhaa. Matukio hayo yasingetokea mahali pasipokuwa na watu. Msafara ulihitaji chakula, mitumbwi, wapagazi na mtawala wa kujadiliana naye, na vyote hivyo vilipatikana Bunya. Aidha, utafiti wa David William Cohen kuhusu masimulizi ya asili ya Busoga umeonyesha kuwa ufuo huu ulikuwa na nafasi kubwa katika kumbukumbu za koo nyingi kuhusu kuwasili na kuenea kwao.

Hata hivyo, nchi hiyo iliingia katika karne ya 20 ikiwa imedhoofika. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe. Ng'ombe walipotoweka, malisho yaligeuka vichaka. Vita, njaa na mahitaji ya wapagazi viliongeza mzigo huo. Mazingira ya mbung'o yalikuwa tayari kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Malale na amri ya kuhama

Mwaka 1901 madaktari Albert Cook na nduguye Jack Cook, katika hospitali ya misheni ya Mengo, walitambua wagonjwa wa kwanza wa malale, ugonjwa ambao Waganda waliuita mongota. Mwaka uliofuata Royal Society ya London ilituma tume ya uchunguzi. Kufikia 1903, kazi za Aldo Castellani na David Bruce zilikuwa zimeonyesha kwamba ugonjwa huo unaletwa na vijidudu vya tripanosoma na kwamba mbung'o ndiye anayewaeneza. Makadirio ya maofisa yalikuwa kwamba katika miaka michache tu watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa katika mwambao na visiwa vya Buganda na Busoga.

Hesketh Bell, aliyeshika uongozi wa Uganda mwaka 1906, aliamua kuwatenga watu na mbung'o. Wakazi wote wa ukanda wa takriban maili mbili kutoka ufuoni waliamriwa kuhama. Kazi hiyo ilifanywa kupitia machifu, na ilipofika 1909 amri ilikuwa imevifikia visiwa vya Ssese na Buvuma. Miji iliyohitajiwa na utawala haikuhamishwa. Entebbe na Jinja zilibaki, na badala ya kuwaondoa watu, vichaka ndivyo vilivyoondolewa. Jambo hili ni la msingi. Tangu mwanzo utawala ulijua kuwa zipo njia mbili za kupambana na mbung'o, yaani kufyeka au kuhamisha. Ulichagua kufyeka pale palipokuwa na gati, ofisi na biashara yake, na kuhamisha pale palipokuwa na wavuvi na wakulima.

Amri ilisimama juu ya dhana ya kisayansi ya wakati huo. Iliaminika kwamba mbung'o hubeba maambukizi kwa muda mfupi tu. Hivyo watu wakiondoka, mbung'o wangesafika na wakazi wangeweza kurudi baada ya miaka michache. Dhana hiyo ilivunjika mapema. Mwaka 1909, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, Friedrich Kleine alithibitisha kwamba vijidudu hukua ndani ya mbung'o, na kwamba mbung'o aliyeambukizwa hubaki hatari kwa muda mrefu. Uchunguzi uliofuata visiwani ulionyesha tena kwamba wanyamapori, hasa nzohe, walikuwa na tripanosoma hata baada ya watu kuondoka. Sababu ya awali ya amri ilikuwa imedhoofika, ilhali amri yenyewe iliendelea kutumika. Kilichoelezwa kuwa hatua ya muda kikawa mpaka wa kudumu.

Mjadala kuhusu ugonjwa wenyewe haujafungwa. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba mlipuko wa 1900 hadi 1920 ulitokana na aina ya vijidudu inayoitwa gambiense, ambayo huambukizwa zaidi kati ya mtu na mtu. Mwaka 2004, Eric Fèvre na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Mengo, na wakaonyesha kuwa mwendo wa kasi wa ugonjwa kwa wagonjwa wengi unafanana zaidi na aina ya rhodesiense, ambayo hifadhi yake ni mifugo na wanyamapori. Iwapo hoja hiyo ni sahihi, kuwaondoa watu na kuacha vichaka na wanyama kulipunguza vifo vya wakati huo bila kukiondoa chanzo.

Kutoka hame hadi hifadhi

Lugha ya Kiswahili ina neno linaloifaa hali hii: hame, yaani mahali palipokaliwa kisha pakaachwa. Hame si pori. Lina makaburi, miti iliyopandwa, majina ya vilima na wenyewe wanaoyakumbuka. Lakini katika ramani za utawala hame liligeuka kuwa ardhi tupu. Mfumo wa umiliki ulichangia mageuzi hayo. Mkataba wa 1900 uliwapa wakuu wa Buganda ardhi ya mailo yenye hati. Busoga haikupata mfumo wa namna hiyo. Aliyeondoka Bunya aliondoka bila karatasi, na nchi aliyoiacha ilihesabiwa kuwa ya Taji.

Kuanzia miaka ya 1920 baadhi ya maeneo yalifunguliwa tena, na wavuvi walikuwa wakirudi kwa siri hata kabla ya ruhusa. Mwaka 1940 malale ya aina ya rhodesiense yalizuka Busoga, yakawapata watu zaidi ya 2,000 katika miaka michache, na sehemu za kusini zikahamwa tena. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 sera ilibadilika. Serikali ilianzisha mpango wa kuwarudisha watu Busoga ya kusini kwa masharti: wakae kwa ukaribu, wafyeke na walime ili vichaka visirudi. Kirk Arden Hoppe, aliyeandika kwa kina kuhusu historia hii, ameonyesha kwamba sera za malale zilikuwa pia njia ya kupanga upya makazi na maisha ya Waafrika kwa namna iliyoupendeza utawala. Wakati huohuo sehemu nyingine ya ardhi iliyohamwa ilikuwa imewekwa kando kuwa hifadhi ya msitu. Kwa hiyo nchi moja ilipewa na dola majukumu mawili yanayopingana: ipokee watu, na isiwe na watu.

Mpango huo haukudumu katika utulivu. Baada ya 1972 uchumi wa Uganda uliporomoka, mashamba ya pamba na kahawa yaliachwa, na kichaka cha lantana kikaenea hadi karibu na nyumba. Kuanzia 1976 malale yalirudi Busoga, na mwaka 1980 peke yake wagonjwa zaidi ya 8,000 waliripotiwa. Safari hii mbung'o waliwafuata watu katika mashamba yaliyokosa jembe, mbali na ufuo. Katika miaka ya 1980 ugonjwa ulifika Tororo, na mwaka 1998 ulizuka Soroti, ambako utafiti uliuhusisha na ng'ombe walioletwa kwa biashara kutoka maeneo yenye maambukizi.

Namatala kama kioo

Historia ya upande wa Mbale inasaidia kuona yaliyofichika Bunya. Mji wa Mbale ulianza kukua mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya Semei Kakungulu, katika miaka ileile ambayo ufuo ulikuwa ukifa na kuhamwa. Reli ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1920, Mbale ilikuwa kituo cha pamba na baadaye cha kahawa. Huko dola ilivuta watu, huku ufuoni ikiwazuia. Leo bonde la Namatala lina tatizo la kinyume. Ardhi haitoshi, wakulima wameingia katika ardhioevu, na jamii jirani zimegombania mipaka yake.

Haidaiwi hapa kwamba waliotoka Bunya ndio waliojaza Namatala. Kinachodaiwa ni kwamba msongamano na utupu vyote vina historia, na kwamba katika pande zote mbili maskini huitwa mvamizi: kwenye msitu huko, kwenye ardhioevu huku.

Hitimisho

Suala hili si la kumbukumbu tu. Katiba ya 1995, katika ibara ya 237, inasema ardhi ni mali ya raia, na papo hapo inaiweka misitu ya hifadhi na ardhioevu chini ya dhamana ya serikali kwa ajili ya wananchi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua kuwa mkaaji halali kwa nia njema mtu aliyekaa bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba, na vilevile mtu aliyewekwa katika ardhi na serikali yenyewe. Katika eneo la Mayuge, wilaya iliyoundwa mwaka 2000 na ambamo Bunya imo, misingi hii miwili hukutana juu ya shamba moja. Mtu anaweza kuwa mjukuu wa aliyehamishwa 1907, mtoto wa aliyerudishwa kwa mpango wa serikali, na mvamizi wa hifadhi, yote kwa wakati mmoja.

Mambo matatu yanajitokeza kwa washauri wa sera. Kwanza, kabla ya kukodisha, kupanda miti au kuwaondoa watu katika ardhi ya mwambao, historia ya kuhamishwa na kurudishwa inapaswa kuchunguzwa kama sehemu ya ushahidi wa haki, ikiwemo kumbukumbu za koo na makaburi, kwa kuwa waliohamishwa hawakupewa hati. Pili, amri za dharura za afya zinahitaji tarehe ya mwisho na utaratibu wa kuzipitia upya sayansi inapobadilika. Amri ya Bell haikuwa na utaratibu uliotekelezeka wa kuwarudisha watu, na gharama yake ilibebwa na vizazi vilivyofuata. Tatu, mipaka ya malale haifuati mipaka ya wilaya. Udhibiti wa mbung'o, tiba ya mifugo sokoni na upangaji wa makazi kuanzia Jinja hadi Mbale ni kazi moja.

Bunya haikuzaliwa tupu. Sera inayoanza kwa kuitazama kama nchi isiyo na wenyewe hurudia kosa la 1906, bila hata udhuru wa tauni iliyokuwa ikiua maelfu.