Gegedu la Propela

Kamati moja, ambayo adabu inanizuia kuitaja, imetoa orodha ya istilahi za magari, na ndani yake lile duara la mpira lenye matundu sita linalokaa kati ya gia boksi na propela limeitwa "kiunganishi nyumbufu cha mhimili endeshi". Ukiacha a-unganifu, ni maneno manne, na hakuna hata moja linalokuambia kwamba kitu chenyewe ni cha mpira, wala kwamba huchakaa.

Simwelezi msomaji asichokijua. Aliyewahi kumiliki BMW, au kuazima Alfa Romeo ya zamani, ameshausikia ule mlio wa "du" chini ya sakafu kila anapoachia klachi, na ameshajipenyeza chini na tochi akaziona nyufa zikizunguka matundu ya bolti. Kitu anakijua. Linalotushughulisha hapa ni jina, na jina hili limeniondolea usingizi, jambo ambalo mke wangu anaona halistahili.

Tuanze na kiunganishi. Mtoto wa shule ya msingi anajua kiunganishi ni nini: ni na, lakini, au, ila. Nyumbufu nalo limetokana na kunyumbua, na mtoto huyohuyo amenyumbua vitenzi mpaka kachoka: piga, pigia, pigana, pigisha. Mtajie kiunganishi nyumbufu, atakuletea "lakini" iliyopachikwa viambishi. Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa unyumbufu umekwisha kukaa katika vitabu vya fizikia kwa maana ya kupindika au kuvutika bila kukatika. Umekaa, sibishi. Lakini bomba la mpira linalopeleka mafuta ya breki gurudumuni nalo ni kiunganishi, na ni nyumbufu. Kile kipande cha ekzosi kilichosukwa kwa nyuzi za chuma, hali kadhalika. Istilahi inayotoshea vitu vitatu vya gari moja haijakitaja hata kimoja.

Mhimili ndio ulionishinda kabisa. Asili yake ni Kiarabu, shina la kubeba, na Kiswahili kimeitunza maana hiyo kwa uaminifu: tunahimili mzigo, tunahimili maumivu, na dola ina mihimili mitatu inayoibeba. Sasa propela inabeba nini? Uzito wa gari unashuka kwa springi hadi magurudumuni, haupiti hapo. Propela inapeleka msokoto kutoka gia boksi hadi kwenye difu, kazi yake ni hiyo. Nikisikia redioni kwamba mhimili endeshi umepata hitilafu, nitadhani Baraza la Mawaziri limevunjwa.

Na propela, kwani ilikuwa na kosa gani? Inatajwa katika kila gereji. Imetujia kwa Kiingereza, na Kiingereza kiliiokota kwenye Kilatini, ambako maana ilikuwa kusukuma mbele. Wanamaji wetu wana rafadha kwa ile ya meli, kwa hiyo propela ilikuwa haina shughuli nyingine, ikajikalia chini ya gari kwa amani mpaka kamati ilipoikuta.

Historia ya vitu hivi ingewafaa wanakamati kama wangeipa nafasi. Kabla ya mpira kulikuwa na msalaba. Gerolamo Cardano, tabibu na mwanahesabu wa Italia aliyeishi kati ya 1501 na 1576, ndiye ambaye nchi nyingi za Ulaya zimekipa jina lake kile kiungo cha chuma kinachoruhusu shafti mbili zisizonyooka kuzungushana. Waingereza, ambao hawapendi kumwachia Mtaliano kitu, wakakiita kwa jina la Robert Hooke wao wa karne ya 17. Mmarekani Clarence Spicer akakitengenezea namna yake inayolifaa gari na kupata hataza mwaka 1903. Mafundi wetu hawakumjali Cardano, Hooke wala Spicer. Walitazama umbo wakaona msalaba, wakaita kros, na mpaka leo tunasema kros imekufa na kila mtu anaelewa ni spea gani ya kununua. Hiyo ndiyo istilahi.

Kros ina ila moja. Ikipinda haipeleki mwendo sawasawa: katika kila mzunguko upande wa pili huharakisha na kupungua mara mbili, ndiyo maana huwekwa kwa jozi ili ya pili isahihishe ya kwanza. Tena ni chuma kwa chuma, kila mshtuko wa injini unapita mzimamzima. Hapo ndipo likaja wazo la kuweka kitu laini katikati. Mwanzoni kilikuwa diski ya kitambaa kilichoshibishwa mpira, na Wajerumani wanaiita Hardyscheibe hadi sasa, diski ya Hardy, kwa jina la Mwingereza. Vitabu vya BMW vinaandika Gelenkscheibe. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Gelenk kwa Kijerumani ni kiungo cha mashine, na ni kiungo cha mwili pia: goti ni Kniegelenk. Scheibe ni diski. Na ile diski laini iliyo kati ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine, Wajerumani wanaiita Bandscheibe. Wahandisi na matabibu wao wamechota kisima kimoja. Wafaransa wanasema flector, kutoka kitenzi cha Kilatini cha kupinda, jina fupi na la kiungwana.

Jina lililotia fora ni la Kitaliano. Antonio Boschi alizaliwa Novara mwaka 1896, akawa mhandisi wa Pirelli, na kiungo cha mpira alichokibuni kikaitwa giubo: giu ya giunto, yaani kiungo, na bo ya Boschi. Mhandisi huyu na mkewe Marieda Di Stefano walikuwa na uraibu mmoja, nao ni kununua picha za wachoraji wa zama zao. Sironi, Morandi, de Chirico, wote walijaa ukutani mwao Milano. Walikuwa pia na kazi za Lucio Fontana, yule aliyekuwa akipasua turubai kwa kisu na kuiuza hivyo hivyo. Sijui kama Boschi, aliyejua mpasuko unafanya nini kwenye mpira, alikuwa akicheka peke yake. Mwaka 1974 aliupa mji wa Milano kazi zinazokaribia 2,000, na nyumba yao imekuwa jumba la makumbusho tangu 2003. Alifariki 1988. Huko Marekani, wapenzi wa BMW wamelipindua jina lake wakaandika "guibo" na kulitamka gwibo, na kosa hilo limeota mizizi hata likachapishwa kwenye katalogi za spea. Mtaliano akisoma giubo anatamka jubo.

Kutokana na hayo, mwenzangu mmoja tunayeheshimiana kwa mbali anataka tuseme jubo, yaishe. Kati ya wapinzani wangu ndiye pekee aliyefanya kazi ya nyumbani. Jubo ni fupi, linatamkika, na lina heshima kwa mwenyewe. Lingekuwa limefika gereji kabla yangu, ningenyamaza. Ila halisemi kitu kwa asiyemjua Boschi. Mwingine anashikilia raba kaplingi, ambalo mafundi wengi wanalitumia kweli, na si haki kumcheka fundi kwa neno linalomlisha. Tatizo ni raba yenyewe: ni kiatu, ni kifutio, na sasa iwe na hiki. Kuna aliyetaka donati, kwa sababu Waingereza wanalifananisha na andazi hilo. Huyo simjibu.

Mimi nasema gegedu.

Gegedu tunalijua kutoka darasa la baiolojia: ile tishu ngumu kiasi na laini kiasi, iliyo puani, sikioni, na kati ya mfupa na mfupa. Haina mishipa ya damu, kwa hiyo ikisagika hairudi kwa urahisi. Lile la kati ya pingili ndilo Bandscheibe ya Wajerumani. Chukua sasa duara letu la mpira. Mbele yake flanji ya gia boksi yenye mikono mitatu, nyuma yake flanji ya propela yenye mikono mitatu, na mikono hiyo inapishana, bolti moja huku, moja kule. Flanji hazigusani. Ndani ya mpira nyuzi imara zimezungushiwa bushi za bolti, na gari linapoondoka, nyuzi kati ya bushi na bushi ndizo zinazovutwa: bolti ya gia boksi inaiburuta ya propela kwa kamba iliyofichwa ndani ya mpira. Upande wa pili wa kila bolti mpira unabanwa. Linameza mshtuko, linaruhusu kupinda kidogo, halihitaji grisi, na likizeeka linapasuka wala halijitibu. Anayesikia gegedu la propela kwa mara ya kwanza anajua atazame wapi, kati ya vigumu viwili, na anajua atazame nini, kuchakaa.

Niliwapelekea wanakamati pendekezo hili kwa maandishi, pamoja na mchoro. Nilijibiwa kwamba limezingatiwa, na sote tuliopitia ofisi tunajua neno hilo hufuatwa na nini. Baadaye mwanaisimu mmoja alinitumia salamu kwamba gegedu ni tishu hai na mashine haina uhai. Hoja nzito. Basi na tukang'oe meno ya gia, tukakate kichwa cha treni, na chupa zote nchini zivunjwe shingo, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichozaliwa na mama.

Kuna pingamizi moja lenye akili, ambalo cha ajabu hawakulileta. Gegedu la mwili linabanwa zaidi, halivutwi. La gari linavutwa zaidi kuliko kubanwa. Ni kweli. Colin Chapman wa Lotus alionyesha mpaka wa jambo hili alipotoa Elan mwaka 1962: aliondoa kros kwenye shafti za magurudumu ya nyuma akaweka mipira, miwili kila upande. Gari lilikuwa jepesi na ufundi ulirahisishwa, maana mpira ulimeza hata kurefuka na kufupika kwa shafti. Lakini ukiachia klachi kwa pupa, mpira unajikunja kwanza kama springi kisha unajikunjua, na gari linaondoka kwa kurukaruka. Wenye Elan wengi wameshaing'oa mipira hiyo na kuweka shafti za aina nyingine. Nakiri basi kwamba istilahi yangu inataja mahali, umbile na hatima, haitaji fizikia yote. Hakuna istilahi inayofanya hivyo, na ile ya maneno manne haikufanya hata nusu.

Kuhusu kazi yenyewe, kwa anayetaka kubadili gegedu la gari lake la spoti nyumbani bila kumpa fundi hela, machache yanatosha. Gari likae juu ya stendi, lisiachiwe jeki peke yake. Toa ekzosi na bati la kukinga joto. Piga alama za rangi kwenye propela na flanji ili virudi vilivyokuwa. Shika tuli upande wa bolti unaogusa mpira, zungusha ule unaogusa flanji, la sivyo unausokota mpira kabla haujaanza kazi. Nati ziwe mpya. Mishale iliyo ubavuni ielekee mikono ya flanji. Likija limebanwa kwa ukanda wa chuma, usiukate mpaka bolti zote zimeingia. Kwenye BMW 3 Series za miaka ya 1990, beringi ya kati husukumwa mbele milimita 4 hadi 6 ndipo ikazwe. Nguvu ya kukaza bolti hufuata unene na daraja lake, na kitabu cha gari kinazo namba. Usilichelewe lililochanika: likikatika mwendoni, propela inapiga sakafu na inaweza kupasua ganda la gia boksi.

Imebaki ngeli. Nalipeleka LI-YA: gegedu limechanika, magegedu yamechanika. Faida yake inaonekana kwenye Alfa Romeo Alfetta ya 1972, ambayo klachi na gia boksi viko nyuma pamoja na difu, kwa hiyo propela inazunguka kwa kasi ya injini muda wote, hata gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, na mpira unaipata. Gari hilo lina magegedu matatu: la mbele, la kati na la nyuma. Viunganishi nyumbufu vitatu vya mhimili endeshi, cha mbele, cha kati na cha nyuma, naomba wanakamati waende wakaviagize wenyewe kwenye duka la spea, saa sita mchana, foleni ikiwa nyuma yao.