Kijiti kilichotangulia dawa ya meno

Ijumaa kabla ya adhuhuri, nje ya misikiti ya Mombasa na Unguja, vifungu vya miswaki ya mti huuzwa pamoja na tasbihi na kofia. Mnunuzi mjuzi huchagua kijiti kibichi, kwa kuwa kikavu huchoma ufizi. Nyumbani huambua ganda la ncha moja kiasi cha pingili ya kidole, huitafuna mpaka nyuzi zichambuke, kisha husugua jino moja moja. Nyuzi zikichakaa, ncha hukatwa na nyingine hutafunwa.

Mti wenyewe, ambao wanasayansi huuita Salvadora persica, huota nchi kavu za Afrika, Uarabuni na Bara Hindi. Vijiti vya kutafuna vilijulikana tangu Babeli ya kale, na Uislamu ukaupa mswaki hadhi ya sunna. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani yetu, waliujadili hadi saa ya kuutumia: kwa aliyefunga ni makuruhu baada ya jua kupinduka.

Kijiti hicho kina kazi mbili. Nyuzi huondoa ukoga. Utomvu hupambana na vijidudu.

Viwanda vilizitenganisha kazi hizo. Karibu mwaka 1780, Mwingereza William Addis alianza kutengeneza miswaki ya mpini wa mfupa na nywele za wanyama. Mwaka 1938 ikaingia sokoni miswaki ya nyuzi za nailoni za kampuni ya DuPont. Dawa ilikwenda njia yake: Colgate walianza kuiuza katika vikopo mwaka 1873, na tyubu zikaenea miaka ya 1890.

Majumbani, unga wa kusugulia meno haukupotea. Mkaa hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa na kutiwa chumvi kidogo. Huondoa madoa kwa kusugua, lakini wenye chenga hukwangua enameli, nayo ikiisha hairudi. Mapitio ya tafiti katika jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, mwaka 2017, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba dawa za mkaa ni salama au zinafaa.

Mswaki wa mti umefaulu zaidi. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1986 kwa jamii zenye desturi ya kuutumia. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walitambua katika mzizi wake benzili isothiosayaneti, kemikali kali inayoua bakteria wanaohusishwa na ugonjwa wa fizi. Siku hizi Dabur ya India huuza dawa ya tyubu iitwayo Meswak, yenye dondoo la mti huohuo.

Unga wa mkaa na chumvi hauna floraidi ya kutosha kukinga meno yasioze. Lakini katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, Arusha, shida ni kinyume: maji yana floraidi kupita kiasi, na watoto wengi huota meno ya kahawia. Huko mkaa haufui dafu, wala mswaki, kwa sababu doa limo ndani ya enameli tangu jino lilipokuwa likiumbika chini ya ufizi.