Kenchi: mkasi usiotakiwa kufunguka

Ingia nyumba ya zamani Mji Mkongwe wa Zanzibar, uangalie juu. Boriti za mikoko zimelala ukuta hadi ukuta, na chumba ni chembamba kama ushoroba. Si ubahili wa mwenye nyumba, ni urefu wa mti. Boriti hubeba kwa kupinda. Ukiirefusha mno, tumbo linashuka. Aliyetaka ukumbi mkubwa alipata ukumbi mrefu, si mpana.

Paa la mteremko likitaka kuvuka upana zaidi, mafundi hupiga kenchi. Neno limetoka Bara Hindi, ambako kainchi ni mkasi: mbao mbili zimeinamiana, zimekutana kileleni. Jina zuri, lakini lina mtego. Mkasi kazi yake kufunguka. Kenchi ikifunguka, nyumba imekwisha.

Simamisha mkasi mezani kwa ncha zake, ubonyeze juu. Miguu inateleza, kila mmoja na upande wake. Ndivyo mbao za paa zinavyosukuma kuta nje, na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, hata uwe mnene vipi, huvumilia kukandamizwa kuliko kusukumwa ubavuni. Sasa funga uzi kati ya miguu miwili. Hiyo ndiyo kenchi. Mbao za juu zinabanwa, ubao wa chini unavutwa, na kuta zinabaki kubeba uzito tu. Vipande vya katikati huigawa pembetatu kubwa kuwa ndogondogo, hivyo mbao fupi zikishirikiana huvuka mahali ambapo boriti moja ingeinama.

Ubao wa chini ndio unaodharauliwa. Unaonekana umekaa kushikilia dari, na mtu akitaka kupitisha tangi la maji huuona kikwazo, akaitisha msumeno. Anakata uzi wa mkasi.

Njia nyingine za kuvuka upana zipo. Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, alilifunika kanisa la Mkunazini, hukohuko Mji Mkongwe, lililoanza kujengwa 1873, kwa tao la zege la matumbawe na saruji. Tao nalo husukuma nje.

Wapo wanaopendelea kuandika “fremu ya paa” badala ya kenchi. Lakini fremu tumeizoea mlangoni. Ina pembe nne, na viungo vikilegea hulala upande. Pembetatu hailali mpaka ubao uvunjike au msumari uachie. Mimi nabaki na kenchi ya mafundi, ila mwanafunzi aambiwe pia habari ya uzi.