Shule za Ndugu Zetu Waprotestanti katika Nchi ya Shaba

Wengi wenu mmetuuliza: shule ya Waprotestanti inapofanya sikukuu yake, je, Mkatoliki aliyealikwa aende, ama abaki nyumbani? Kabla ya kujibu, yafaa tujue jinsi shule hizo zilivyoanza katika nchi yetu ya Lualaba.

Mwezi wa Februari 1886 alifika Bunkeya, mji wa Mfalme Msiri, kijana mmoja Mskoti, Frederick Stanley Arnot. Alikuwa ametoka Benguela, pwani ya Angola. Bunkeya wakati ule palikuwa na biashara ya pembe za ndovu, ya watumwa, na ya shaba iliyoyeyushwa kwa mfano wa msalaba. (Misalaba ile haikuwa na habari ya Kalvari, ilikuwa fedha tu.) Arnot hakuwa padre, wala hakuwa na serikali nyuma yake. Alipokea watoto waliotoka utumwani, akawalea na kuwafundisha. Mwenzake Dan Crawford, aliyefika mwaka 1890, ndiye aliyeitafsiri Biblia katika Kisanga.

Mapadre Wabenedikto walikuja Katanga mwaka 1910, chini ya Jean-Félix de Hemptinne. Baadaye kampuni ya Union Minière iliwakabidhi wamisionari Wakatoliki shule za kambi zake. Na hapa lazima tuseme kweli, hata ikiwa yatuchoma. Serikali ya Wabelgiji ilizisaidia kwa fedha shule zetu, lakini za Waprotestanti ziliachwa bila msaada huo mpaka mwaka 1948. Waliziendesha kwa sadaka zao na za rafiki zao wa ng'ambo. Sisi tulipokea, wala hatukuuliza sana kwa nini jirani hakupewa.

Tarehe 21 Novemba 1964 Papa Paulo wa Sita na Maaskofu wa Mtaguso walitangaza hati juu ya umoja, wakawaita Wakristo hao ndugu. Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za madhehebu yote. Zetu na zao zikapotea pamoja. Mwaka 1977 zilirudishwa kwa mapatano: kwa Wakatoliki, kwa Waprotestanti, na kwa Wakimbangu. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Waluteri walitia sahihi tamko moja kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema ya Mungu. Wametodisti, ambao ni wengi katika nchi hii ya shaba, waliliungama mwaka 2006.

Basi, nendeni. Shangilieni pamoja na watoto wao, ombeni nao umoja. Meza yao ya Bwana tu msiishiriki, maana umoja huo haujatimia, nasi twahuzunika kwa ajili yake. Nanyi, siku ya somo wa shule yenu, waalikeni mapema, wasiketi nyuma kama wageni wa kupita. Juma lijalo tutafundisha juu ya Ubatizo wao, ambao Kanisa laukubali ukitolewa kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu.