Sonona si Msongo wa Mawazo

Ugonjwa ambao madaktari duniani huuita depresheni una majina kadhaa katika Kiswahili cha leo. Tanzania, wataalamu wengi wameshazoea kuuita sonona. Nchini Kenya na katika tafsiri za mitandaoni hutumika unyogovu na mfadhaiko. Mitaani, pande zote za mpaka, na hata katika vipindi vya redio vinavyomwalika daktari, jina linalotawala ni msongo wa mawazo. Lugha inayozungumzwa na watu wengi katika nchi nyingi haiwezi kukosa visawe, na si kosa. Shida iko kwenye jina hili la mwisho, maana lina kazi yake tayari: kutaja hali ya mtu aliyebanwa na kodi ya nyumba, deni, ndoa yenye ugomvi, mtihani au kazi isiyo na uhakika. Neno moja likibebeshwa hali hiyo na ugonjwa kwa pamoja, msikilizaji hajui ni kipi kinachosemwa, na mgonjwa hajui aende wapi. Makala haya yanadai kwamba istilahi hizi mbili zitenganishwe na zote mbili zitumike, kwa sababu njia inayomtoa mtu kwenye msongo hadi kwenye sonona ndiyo njia ambamo jamii na utamaduni humshika mtu au humwachia.

Maana ya kitabibu ni hii. Mtu huhesabiwa kuwa na sonona ikiwa huzuni, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kumemkaa kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Huzuni hiyo huandamana na dalili nyingine: usingizi kuvurugika, chakula kutopita au kuliwa kupita kiasi, uchovu, fikra kutotulia, kujiona hafai, kuwaza kifo. Dalili hizo lazima ziwe zimeathiri kazi yake na maisha yake na watu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 280 walikuwa na hali hii mwaka 2019, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kiswahili kina kitenzi kinachoifaa maana hiyo: mtu aliyesononeka ameumia moyoni, na maumivu yake yako ndani. Msongo umetoka kwenye kusonga, yaani kubana na kuelemea, kama katika msongamano. Humfikia mtu kutoka nje. Kwa hiyo lugha yenyewe ilishatofautisha kinachombana mtu na kinachomuuma. Istilahi haina haja ya kubuni tofauti hiyo, inatakiwa tu isiifute.

Tofauti hiyo ikifutwa, madhara hutokea kwa njia mbili. Ikiwa kila kitu ni msongo, mgonjwa wa kweli huambiwa apumzike, ajikaze, apunguze mawazo, amshukuru Mungu kwa alichonacho. Mwanamume huambiwa halii. Wiki zinapita, mwezi unapita, ugonjwa unaotibika unageuka hatari ya kujiua. Ikiwa kila kitu ni sonona, mama anayepigwa na mumewe hupewa vidonge huku kipigo kikiendelea, na kijana asiye na ajira huelezwa kwamba kasoro iko kichwani mwake. Katika hali ya kwanza jamii inamnyima mtu haki ya kuugua. Katika ya pili inajivua lawama kwa yale inayomtendea.

Afrika Mashariki ina mfano wake wa kihistoria wa kosa la kwanza, na lilifanywa kwa jina la sayansi. Daktari J. C. Carothers aliisimamia hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Alidai kwamba depresheni ni adimu kwa Waafrika, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kudhalilisha: kwamba Mwafrika hana hisia ya kutosha ya wajibu wa mtu binafsi hata ajilaumu. Msingi wa dai lake ulikuwa ni wagonjwa waliofikishwa hospitalini. Lakini hospitali za wakoloni zilipokea zaidi wale walioleta fujo na kukamatwa. Aliyelala ndani kimya, akipungua mwili na kukosa usingizi, hakumsumbua mtawala, kwa hiyo hakuandikwa kwenye daftari lolote. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa kinyume cha hapo: waliwafuata watu katika vijiji viwili vya Uganda, wakawahoji kwa Kiganda, kisha wakalinganisha majibu na ya wanawake wa Camberwell, kusini mwa London. Sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa lugha ambayo mgonjwa angejibu.

Camberwell hiyo hiyo ndiyo iliyotoa maelezo bora kabisa tuliyonayo juu ya njia inayotoka kwenye msongo kwenda kwenye sonona. Mwaka 1978 George Brown na Tirril Harris walitoa kitabu kuhusu chimbuko la kijamii la ugonjwa huu. Waligundua kwamba wanawake wengi waliougua walikuwa wametangulia kupata pigo zito, kama kufiwa, kuachwa au kupoteza makazi, au walikuwa wakiishi na taabu ya muda mrefu, na kwamba wanawake wa tabaka la wafanyakazi waliugua zaidi. Hata hivyo si kila aliyepata pigo aliugua. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale wasio na mwandani wa kumweleza siri zao, wenye watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani, wasio na kazi nje ya nyumba, au waliofiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 11. Hapo ndipo umuhimu wa istilahi mbili unapoonekana. Msongo uliwafika wengi, sonona ikawapata baadhi, na kilichoamua mara nyingi hakikuwa ushupavu wa mtu bali watu waliomzunguka. Lugha inayoita yote mawili msongo haiwezi hata kuuliza swali hilo: kwa nini huyu ameugua na jirani yake, mwenye shida zilezile, hakuugua?

Utamaduni nao huamua ugonjwa utasemwaje na utapelekwa wapi. Mswahili anaposema "nina mawazo", hamaanishi kwamba anafikiri. Amesema kwamba ana mzigo. Wengine huanza na kichwa kinachouma, moyo unaokwenda mbio, mwili usio na nguvu. Daktari wa akili Arthur Kleinman alikuta jambo la namna hiyo katika mkoa wa Hunan, China: kati ya wagonjwa 100 waliokuwa wameandikiwa kwamba wana udhaifu wa neva, 87 walitimiza vigezo vya depresheni, ingawa wao walilalamikia mwili na uchovu. Kwa upande wa mahali pa kupelekwa, utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa asilimia 24 ya waliohudhuria kliniki, na kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kulieleza hilo kwa ujinga wa watu ni kukwepa swali. Mganga huuliza habari za ukoo, ugomvi na husuda, yaani huuliza juu ya msongo. Kliniki huuliza wapi panauma. Tena jina la huduma yenyewe lina kizuizi chake: katika Kiswahili, akili ni uwezo wa kufikiri na busara, na mtu anayejijua kuwa na akili timamu haoni kwa nini aende kliniki ya akili. Wapo waliofanya hata jina la hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, kuwa kejeli. Kinachomrudisha mtu nyumbani bila tiba, basi, ni aibu, na aibu ni kazi ya jamii.

Tiba iliyotilia maanani mambo haya imeshajaribiwa karibu nasi na ikafaulu. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, eneo lililoumizwa sana na UKIMWI, watafiti walianza kwa kuwauliza wenyeji wanaiitaje taabu hii. Wakapewa majina mawili ya Kiganda, moja la kujichukia na jingine la kujihurumia, na dalili zake zilikaribiana sana na za sonona. Washiriki kutoka vijiji 30 wakachaguliwa kwa kuanzia na majina hayo. Kwa wiki 16, vikundi viliongozwa na watu wa hapohapo waliopewa mafunzo, vikazungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, waliokuwa na sonona katika vikundi hivyo walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, wasiopata huduma hiyo walitoka 94 hadi 54.7. Harare nako, akina bibi waliofundishwa na timu ya daktari Dixon Chibanda huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, na huanza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 573 katika kliniki 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Katika sehemu zote mbili neno la nyumbani lilifungua mazungumzo, na kipimo cha kitabibu kikathibitisha nani anaumwa na nani amepona.

Wako watakaosema kwamba mjadala huu unasahau mwili. Sonona hurithiwa kwa kiasi fulani. Tafiti za mapacha zinakadiria mchango wa urithi kuwa kama asilimia 37, na dawa huwasaidia wengi, hasa walio na ugonjwa mzito. Hayo ni kweli, na ndiyo sababu jina la ugonjwa halipaswi kuachwa. Lakini urithi unaeleza tu kwamba baadhi yetu hujeruhiwa upesi kuliko wengine. Haumzuii mtu kuuliza kilichomjeruhi, wala haumsaidii mgonjwa ambaye familia yake imemkataza dawa kwa kuamini amerogwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya. Jaribio kubwa lililowahusisha watu 5,756 wa vijijini liligawa fedha kwa baadhi, tiba ya mazungumzo ya wiki tano kwa wengine, na vyote viwili kwa kundi la tatu. Baada ya mwaka mmoja, waliopata fedha walikuwa na hali bora ya kipato na ya nafsi. Tiba ya mazungumzo haikuacha athari inayopimika, hata kwa walioanza wakiwa na hali mbaya ya akili. Je, si afadhali basi kugawa fedha na kuachana na majina ya magonjwa? Matokeo hayo yanastahili heshima. Yanathibitisha kwamba umaskini wenyewe ni msongo unaoumiza nafsi, na kwamba maneno matupu juu ya tumbo lenye njaa hayatoshi. Hata hivyo, Masaka na Rakai watu walipata nafuu bila kugawiwa fedha, katika vikundi vilivyodumu wiki 16 na vilivyojengwa juu ya maradhi waliyoyataja wenyewe. Kulingana na ushahidi huu wa pande mbili, fedha si dawa ya kila sonona na mazungumzo si jibu la kila msongo. Anayetaka kujua ni lipi linamfaa nani lazima kwanza aweze kuyataja mawili hayo kwa majina tofauti.

Wengine watasema istilahi haiwezi kulazimishwa, na kwamba watu wataendelea kusema msongo wa mawazo. Hakuna sababu ya kuwanyang'anya neno lao. Mhudumu anayeambiwa "nina mawazo" alipokee kama lilivyo, kisha aulize yalianza lini, yanamzuia kufanya nini, anayemweleza ni nani. Majibu yakionyesha sonona, aseme sonona, aeleze kwamba ni ugonjwa na unatibika. Majibu yakionyesha msongo bila ugonjwa, asimpe mtu cheti cha mgonjwa, amsaidie kuufikia mfuko wa jamii, dawati la jinsia au wazee wa familia. Na wanaohofia kwamba jina la ugonjwa litaleta unyanyapaa watazame kilichotokea pasipokuwa na jina. Kwa miongo mingi sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Jamii isiyomtambua mgonjwa humtambua mkosaji.

Kazi iliyobaki ni ya wengi. Wizara za afya ziandike miongozo inayoshika sonona kwa ugonjwa na msongo wa mawazo kwa shinikizo la maisha, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kuyatofautisha. Watangazaji waache kuyachanganya hewani. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, na wenzao wa Kenya wakubaliane, ili kijitabu cha Mwanza kisomeke Mombasa. Na sisi tunaotumia lugha hii kila siku tujizuie kumwambia aliyesononeka apunguze mawazo. Anahitaji matibabu, na anahitaji mtu wa kumweleza siri zake; la pili tunaweza kumpa kabla hajafika hospitali.