Nördlingen: Mji, Jiwe na Jina

Mji wa Nördlingen umo katika Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ndani ya uwanda wa mviringo uitwao Ries, wenye upana wa kilomita 24 hivi na kuzungukwa na vilima. Jina Ries limetokana na Raetia, jimbo la Dola ya Kirumi lililoenea hadi huko. Jina hilo lahifadhi habari ya utawala, wala halidai kueleza asili ya nchi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa tofauti hiyo si ndogo.

Hati za kale zautaja mji huu tangu mwaka 898. Mwaka 1215 Kaisari Friedrich II aliupa hadhi ya mji huru, usiokuwa na bwana mwingine ila Kaisari mwenyewe. Rutuba ya uwanda na njia za biashara ziliulisha mji, na gulio lake la Pentekoste likasifika. Mwaka 1327 Kaisari Ludwig aliamuru ujengwe ukuta mpya, ambao hadi leo wauzunguka mji kwa malango 5. Kisha, kati ya 1427 na 1505, likajengwa kanisa la Mtakatifu Georg, ambalo mnara wake unakaribia mita 90. Vita vya mwaka 1634, ambamo majeshi ya Kaisari na ya Hispania yaliwashinda Waswidi, viliudhoofisha mji, nayo biashara ikafifia. Mwaka 1803 uhuru wake ulikoma, ukatiwa katika Bavaria.

Kanisa hilo lilijengwa kwa jiwe la kijivu lililochongwa papo hapo Ries, lenye vipande vya kioo ndani yake. Kwa kuwa lilifanana na mawe ya volkano, liliitwa trasi, jina la mawe ya aina hiyo. Hivyo jina lilikwisha kutoa jibu kabla swali halijaulizwa. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker alikusanya mawe ya Ries, naye Edward Chao akayakuta na koesiti, madini yanayohitaji mkandamizo mkubwa mno usioweza kutokea katika volkano. Ikathibitika kuwa uwanda ule ulichimbwa na kimondo, yapata miaka milioni 15 iliyopita. Mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14 walipelekwa huko kujifunza kuyatambua mawe kabla ya kwenda mwezini.

Jiwe lenyewe sasa huitwa sueviti, kutokana na Suevia, jina la Kilatini la nchi ya Waschwaben. Neno hili liliundwa wakati nadharia ya volkano ingali ikitawala. Hata hivyo halikuanguka pamoja nayo, kwa sababu lilisema jiwe lilipopatikana tu, halikusema lilivyotokea. Waundao istilahi za Kiswahili hawana budi kulizingatia jambo hili: neno linalobeba nadharia huzeeka pamoja na nadharia yake, na huenda likawafumba macho walitumiao wasiuone ushahidi uliomo katika kuta zao wenyewe.