Hati za Makabaila wa Glenorchy na Jina la MacGregor

Nyumba ya Campbell wa Glenorchy, iliyomiliki sehemu kubwa ya nchi ya Breadalbane katika milima ya Uskochi, ilikuwa na desturi ya kutotupa karatasi. Hati zake, ambazo leo zimo katika nyaraka za taifa mjini Edinburgh chini ya alama GD112, zina karibu kila namna ya maandishi yaliyomhusu kabaila wa zama zile: hati za milki zenye mihuri, mikataba ya wapangaji, daftari za kodi, mashauri ya baraza, hesabu za jikoni za nyama, samaki, jibini na unga wa oti, na barua nyingi. Barua za miaka ya 1559 hadi 1583, zilizochapishwa mwaka 1997 kwa uhariri wa Jane Dawson, zaonyesha hata jinsi Katherine Ruthven, mke wa kabaila wa sita, alivyoshiriki katika mambo ya siasa pamoja na mumewe.

Mtu akizisoma hati hizi kwa muda huanza kudhani kuwa anaisikia nchi nzima ikisema. Yafaa basi aulize kwanza kwa nini zilihifadhiwa. Kabaila hakuwawazia wanahistoria. Karatasi ilikuwa silaha mbele ya hakimu, na aliyekuwa nayo ndiye aliyesikizwa.

Silaha hiyo ilifanya kazi hivi. Kwa sheria ya Uskochi, mwenye ardhi aghalabu aliishika chini ya bwana mwingine aliye juu yake. Alipokufa, mwanawe hakurithi hivi hivi tu. Ilibidi bwana wa juu amkubali kwa maandishi kuwa mrithi halali. Kisha watu walikwenda kwenye ardhi yenyewe, mrithi akatiwa mkononi udongo na jiwe mbele ya mashahidi, na mwandishi aliyeapishwa akayaandika yote yaliyotendeka. Pasipo kukubaliwa, hapakuwa na udongo wala jiwe. Na pasipo hayo, mrithi alikuwa mtu tu anayekaa mahali.

Ndivyo yalivyompata Gregor MacGregor wa Glenstrae. Ukoo wake ulikuwa umekaa Glenstrae kwa vizazi chini ya wakuu wa Argyll. Mwaka 1556 mkuu wa Argyll alimhamishia Colin Campbell wa Glenorchy, aliyeitwa Colin wa Kijivu, haki yake ya ubwana wa juu wa ardhi ile. Gregor alipofikia umri wa kurithi, Colin alikataa kumkubali. Hakuhitaji kumfukuza kwa upanga, ilitosha kutoandika. Kukataa huko kukawa chanzo kimojawapo cha vita vilivyoanza mwaka 1562, watu wakauana na nyumba zikachomwa, hata Gregor akakamatwa na kukatwa kichwa tarehe 7 Aprili 1570, karibu na ngome ya Balloch kwenye ziwa la Tay. Mkewe, Marion, alikuwa yeye mwenyewe binti wa Campbell, wa tawi la Glenlyon.

Nyumba ya Glenorchy haikuficha jambo hilo. Mwaka 1598 William Bowie, aliyekuwa katika utumishi wa nyumba hiyo, alianza kuandika kitabu cha nasaba na matendo ya makabaila wake, kiitwacho Kitabu Cheusi cha Taymouth, ambacho Cosmo Innes alikichapisha mwaka 1855. Humo kifo cha Gregor kimehesabiwa katika sifa za Colin, sambamba na ngome alizojenga na ardhi alizozipata. Mwandishi hakuona haya, na unyofu huo una faida kuliko kumbukumbu nyingi zilizosafishwa baadaye.

Lipo jambo la pili la kuwashughulisha wataalamu wa lugha. Watu wa Breadalbane walisema Kigaeli, na makabaila wenyewe walikijua. Lakini hati zao ziko katika Kilatini na Kiskochi. Kila ahadi ya mpangaji na kila ushahidi wa mchungaji ng'ombe ulipita katika kinywa cha mfasiri au kalamu ya karani kabla ya kutufikia. Mara moja moja neno la Kigaeli limekwama katika Kiskochi, kama mfupa katika koo. Mojawapo ni "calp", yaani mnyama bora ambaye mtu aliahidi atolewe kwa mkuu wake baada ya kufa kwake. Koo ndogo nyingi ziliahidi "calp" kwa nyumba ya Glenorchy kwa mikataba iliyoandikwa, nazo zikaahidiwa ulinzi. Desturi ni ya Kigaeli, mkataba ni wa Kiskochi, na mnyama ni wa mjane.

Isidhaniwe kwamba MacGregor walikosa karatasi kwa kutojua kuandika. Kitabu kikubwa cha mashairi ya Kigaeli cha zama hizo, Kitabu cha Mkuu wa Lismore, kilikusanywa kati ya 1512 na 1542 na James MacGregor na nduguye Duncan huko Fortingall, si mbali na Balloch. Nao waliandika Kigaeli kwa tahajia ya Kiskochi. Ukoo huo ulikuwa na maandishi, ila hayakuwa ya aina ambayo hakimu angeyapokea.

Tarehe 3 Aprili 1603, siku mbili kabla ya Mfalme James kuondoka Edinburgh kwenda kushika kiti cha Uingereza, Baraza la Mfalme lilipiga marufuku jina lenyewe la MacGregor. Sababu ilikuwa mauaji ya Glen Fruin ya mwezi Februari, ambapo ukoo huo uliwashinda watu wa Colquhoun. Bunge la 1617 likaithibitisha amri hiyo. Bunge hilo hilo ndilo lililofuta "calp" na kuanzisha daftari la serikali la kuandikisha milki za ardhi. Marufuku iliondolewa mwaka 1661, ikarudishwa 1693, na haikukoma hadi 1774.

Matokeo yake kwa mtafiti ni mazito. Akilitafuta jina la MacGregor katika daftari za kodi za wakati wa marufuku, hatalipata pale anapolitazamia. Watu walijiita Campbell, Drummond, Murray, Stewart. Baadhi ya wapangaji wanaoonekana kuwa ndugu za kabaila ni watoto wa adui zake.

Upo pia wimbo wa Kigaeli, maombolezo yaliyo pia bembelezo la mtoto, ambao mapokeo humpa Marion, mjane wa Gregor. Watu waliutunza kwa midomo yao, na ndani yake Campbell analaaniwa. Katika hati za nyumba ya Glenorchy mauaji ya 1570 ni haki iliyotekelezwa. Katika wimbo ni damu ya mume mbele ya mkewe. Mwana wa Gregor na Marion, Alasdair, ndiye aliyeuongoza ukoo huko Glen Fruin, naye alinyongwa Edinburgh mwezi Januari 1604.